Simu mpya ya Merigi na maneno tuliyokuwa nayo tangu zamani

MWAKA jana mpwa wangu, mwenye duka la pembejeo za kilimo pale Merigi, kaunti ya Bomet, alinunua simu sita za mezani. Si zile za zamani zilizoletewa waya kutoka kwenye mlingoti wa posta. Hizi hupitisha sauti kwenye intaneti. Mbili aliziweka kaunta, moja stoo, moja kwa mhasibu, na mbili zilizobaki katika matawi yake ya Longisa na mjini Bomet. Shabaha yake ilikuwa nzuri: mkulima apige nambari moja tu, awe anauliza mbolea ya chai, dawa ya kupe au deni lake la mwezi uliopita, kisha simu imfikie mtu anayehusika bila yeye kuambiwa apige nambari nyingine.

Akanipigia. Tukiwa mbele ya wageni huniita mjomba. Tukiwa wenyewe huniita "mama", maana ndivyo Kikipsigis kinavyomwita ndugu wa kiume wa mama yako. "Mama," akasema, "fundi ananiuliza hii sauti ya kupokea watu iseme nini. Mimi nataka Kiswahili. Wewe ndiye mwenye lugha. Niandikie."

Nikamwahidi. Kisha nikafanya kile ambacho watu wa taaluma yangu hufanya. Nilifungua kamusi, tena si moja. Nikaanza kujiuliza: ile nambari fupi ya simu ya ofisini iitwe kiendelezi, nambari tanzu, au tawi? Sauti ya mtambo inayopokea watu iwe mpokezi otomatiki, au mhudumu wa kielektroniki? Nikampigia mwenzangu mmoja wa chuo kikuu, naye akanipa istilahi mbili zaidi. Wiki mbili zikapita. Muda wote huo mtambo ulikuwa ukitumia sauti uliyotoka nayo kiwandani: mwanamke wa Kimarekani akimwambia mkulima wa Merigi, kwa Kiingereza cha haraka, abonyeze nambari ya mtu anayemtaka kama anaijua.

Asubuhi moja ya wiki ya pili, bibi mmoja wa vijiji vya karibu alipiga simu. Ng'ombe wake alikuwa amezaa usiku na sasa ameshindwa kusimama. Wafugaji wanaujua ugonjwa huo: damu imepungukiwa kalsiamu, na daktari wa mifugo akiwahi kwa chupa ya kalsiamu, mara nyingi mnyama husimama siku hiyohiyo. Akichelewa, hufa. Bibi alipiga mara tatu. Mara tatu akamsikia yule mwanamke, akadhani amekosea nambari, akakata. Mwishowe alimtuma mjukuu wake kwa miguu. Daktari alifika saa tisa alasiri, na ng'ombe alikuwa amekwisha kufa.

Mpwa wangu hakunilaumu. Lakini hesabu naijua. Nilikuwa natafuta maneno ya kuyatunga, ilhali maneno yenyewe yalikuwapo, na yamekuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja. Kabla ya kueleza tulivyorekebisha mambo, naomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu kosa langu lilikuwa la kusahau historia ambayo mimi mwenyewe huifundisha.

Tuanze na neno simu. Asili yake ni Kiajemi. Katika lugha hiyo, sim ni fedha, ile ya pete na mikufu, na pia ni waya. Lilivuka bahari kama yalivyovuka bandari na dirisha, maneno mengine ya Kiajemi ambayo leo hatuyaoni kuwa ya kigeni hata kidogo. Kwa watu wa Bomet na Kericho kuna neno jingine lililopita njia hizo: chai. Lilianza Uchina, likapita Uajemi na Bara Hindi, likatufikia. Basi zao linalotulisha na chombo tunachoulizia bei ya zao hilo, vyote viwili tunaviita kwa majina yaliyopitia Uajemi.

Simu haikuanza kwa kuwa jina la kitu cha kusemea. Ilikuwa telegrafu. Mwaka 1879, Barghash bin Said akiwa Sultani wa Unguja, waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari ulitoka Aden ukafika Unguja, kisha ukaendelea kusini kupitia Msumbiji hadi Durban. Watu wa pwani waliona waya, wakauita waya: simu. Baadaye jina likahamia kwenye ujumbe wenyewe, hata mtu akasema amepata simu akiwa na maana ya karatasi yenye maneno machache. Kilipokuja chombo cha kupitisha sauti, hakuna aliyeitisha mkutano. Neno lilelile likanyooshwa. Penye haja ya kutofautisha, watu waliongeza maelezo: simu ya maandishi kwa ule ujumbe wa karatasi, simu ya upepo kwa ile isiyo na waya. Hebu liangalie hilo la mwisho. Kwa tafsiri ya asili, simu ya upepo ni "waya wa upepo". Kiswahili hakikuona tabu yoyote kuwa na waya usio na waya, tena miongo mingi kabla simu ya mkononi haijaingia mfukoni mwa mtu.

Na kwa nini tunapiga simu? Wapo wanaoeleza kwamba ni kwa sababu mtu wa telegrafu alikuwa akigonga kifaa chake, ta-ta-ta. Maelezo hayo yanapendeza, lakini ningeonya tusiyashike kwa mikono miwili. Kiswahili hupiga vitu vingi: hupiga pasi, hupiga picha, hupiga kura, hupiga hodi, hupiga mbizi. Kitenzi hiki kimezoea kushika kazi yoyote ifanywayo kwa chombo au kwa tendo la mara moja. Labda mgongo wa telegrafu ulisaidia. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa na lugha yenyewe.

Waya huo ulifikaje huku kwetu bara? Ulikuja na reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na njia ikafika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Milingoti ya telegrafu ilisimama sambamba na mataruma. Reli ilipita karibu na nchi ya Wanandi na katika nchi ya Wakipsigis, ambao Waingereza waliwaita Walumbwa. Stesheni iliyoitwa Lumbwa ndiyo Kipkelion ya leo. Katika miaka ya upinzani wa Wanandi, uliomalizika kwa kuuawa kwa Koitalel arap Samoei mwezi Oktoba 1905, mojawapo ya malalamiko makubwa ya serikali ya kikoloni lilikuwa kwamba waya wa telegrafu ulikatwa na kugeuzwa mapambo.

Katika taarifa za wakoloni huo ni wizi na ushenzi. Kwa mtu wa lugha kuna jambo jingine la kuona. Mwajemi alitumia neno moja kwa fedha ya mapambo na kwa waya. Mnandi hakuwahi kusikia Kiajemi, lakini alipoutazama ule waya aliona kitu kilekile: bangili. Aidha, alijua kwamba waya ule haukuwa wake. Habari zilizopita ndani yake zilikuwa za watu wengine, kwa lugha nyingine, na mara nyingi zilimhusu yeye bila yeye kuzisikia. Chombo cha mawasiliano ambacho huwezi kusemea kinabaki kuwa chuma tu. Naomba msomaji alishike hilo, maana tutalirudia tukifika kaunta ya Merigi.

Simu za kusemea zilianza kutandazwa Nairobi mwaka 1908, zikiwa na wateja 18. Katikati ya miaka ya 1920, kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na James Finlay, zilianza mashamba Kericho, katika ardhi iliyokuwa imechukuliwa na serikali ya kikoloni, na simu ikawa sehemu ya kazi za ofisi na viwanda vya chai. Huko mashambani kulikuwa na mtindo wa nyumba kadhaa kugawana laini moja, kila nyumba ikiwa na mlio wake: mrefu mmoja na mfupi mmoja ni wa fulani, mifupi mitatu ni ya jirani yake. Anayetaka kusikiliza mambo ya jirani aliinua tu mkono wa simu taratibu. Zilikuwa simu za kukoroga: unazungusha mpini, kengele inalia kwenye swichibodi, na opareta anakuuliza unamtaka nani.

Huyo opareta ndiye ninayetaka tumkumbuke. Nilipokuwa mvulana, miaka ya 1970, simu tuliyoijua ilikuwa ya posta. Ukitaka kuzungumza na ndugu aliye Nairobi ulikwenda kaunta, ukaomba trankikoli, ukaketi kwenye benchi. Baada ya nusu saa au zaidi uliitwa uingie kibandani. Dakika zilihesabiwa tatu tatu, na watu walijifunza kusema mambo ya msiba kwa maneno kumi. Pale kaunta wazee wasiojua kusoma hawakuwa na shida. Mzee alisema anamtaka mwanawe anayefanya kazi reli, opareta akauliza reli ya wapi, idara gani, kwa Kiswahili, na ikibidi kwa Kikipsigis. Kisha akasema: "Shikilia hapo, nikuunganishe." Au: "Laini imeshikwa, ngojea." Au: "Imekatika, nitakuita tena."

Tuyahesabu maneno hayo. Kuunganisha. Kushikilia. Laini kushikwa. Kungojea. Kukatika. Kuita tena. Karibu kazi zote za mtambo wa simu wa kisasa zimo humo. Hayakutungwa na kamati. Yalitungwa na watu wa kaunta kwa ajili ya watu wa benchi, na yalidumu kwa sababu pande zote mbili ziliyaelewa mara ya kwanza kuyasikia.

Inasimuliwa kwamba mtambo wa kuunganisha simu bila opareta ulibuniwa na mtu aliyechoshwa na maopareta. Almon Strowger alikuwa mwenye biashara ya mazishi katika mji wa Kansas City, Marekani. Alishuku kwamba opareta wa mji wake alikuwa akiwapeleka wafiwa kwa mshindani wake. Basi akabuni mashine ambayo mteja angeiendesha mwenyewe, na mwaka 1891 akapewa hataza. Hadithi hii hufurahisha darasa, lakini ina funzo zito. Anayekaa katikati ya watu wawili wanaotaka kuzungumza ana mamlaka. Strowger hakuyaondoa mamlaka hayo. Aliyahamisha kutoka kwa opareta hadi kwa anayeupanga mtambo.

Hapa Kenya swichibodi za mkono zilipungua polepole. Shirika la pamoja la posta na simu la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Likaja Shirika la Posta na Simu la Kenya, nalo likagawanywa mwaka 1999 ili Telkom Kenya ibaki na simu na Posta ibaki na barua. Simu za waya ziliandamwa na masaibu mawili. La kwanza ni foleni: mtu aliomba laini akangoja miaka. La pili ni wizi wa nyaya za shaba, ambazo ziliyeyushwa na kuuzwa. Kwa hiyo karne moja baada ya zile bangili, waya ulikatwa tena. Safari hii hakuna aliyeuvaa. Ongeza radi, maana nyanda za chai za Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na mvua hiyo haiji bila ngurumo. Simu nyingi za ofisi za vijijini zilinyamaza, zikabaki mezani zikikusanya vumbi.

Simu ya mkononi ilipoenea kuanzia mwaka 2000, walimu walitupa rununu, neno ambalo vitabu vya shule vinalipenda na ambalo sokoni hulisikii. Mitaani watu waliendelea na simu, tena wakaifanyia kazi ya ajabu laini. Zamani laini ilikuwa waya. Leo mtu wa Merigi akisema amesajili laini, ana maana ya kadi ndogo kuliko ukucha. Waya umekwenda, neno limebaki, na hakuna anayetatizika.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote ni mteja. Kampuni za simu ziliweka sauti ya Kiswahili iliyosema kwamba mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Wakenya waliisikia sauti hiyo mara nyingi hata wakalichomoa neno na kulipa maana mpya. Ukimtafuta mtu umkose unasema: "Nimempigia, yuko mteja." Anayekwepa madeni amekuwa mteja. Wanafunzi wangu wengine huliona hilo kuwa uharibifu wa lugha. Mimi naliona kuwa ushahidi. Mashine ilisema Kiswahili, watu wakaisikiliza, wakaielewa, wakaifanyia utani, wakaichukua kuwa yao. Hakuna aliyechukua kitu chochote kutoka kwa yule mwanamke wa Kimarekani wa simu za ofisini, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Sasa tufike kwenye simu zenyewe za Merigi. Kwa muda mrefu Telkom ilikuwa na haki ya pekee katika huduma za msingi za simu, na kupitisha sauti kwenye intaneti hakukuruhusiwa. Haki hiyo ilikoma mwaka 2004. Kilichobaki kilikuwa ubora wa njia, maana intaneti yetu ilitegemea setilaiti, na sauti ilikwenda angani na kurudi ikiwa imechelewa. Mwaka 2009 nyaya mbili za chini ya bahari zilifika Mombasa: SEACOM na TEAMS. Ile ya TEAMS inatoka Fujairah, kwenye Ghuba ya Oman. Ng'ambo ya ghuba hiyo ni Iran, Uajemi wa zamani. Naam. Neno la Kiajemi la waya lilitangulia, na waya wenyewe ukalifuata kutoka pwani inayotazamana na kwao.

Simu ya aina hii inafanyaje kazi? Fundi wa mpwa wangu, kijana wa huko huko, alinieleza vizuri kuliko vitabu. "Prof," alisema, "ni kama chai. Huwezi kusafirisha shamba. Unachuma, unakausha, unatia kwenye pakiti, unaandika anwani." Sauti hukatwa vipande, kwa kawaida kipande kimoja kwa kila sehemu 20 za elfu za sekunde, yaani pakiti 50 kila sekunde. Kila pakiti inasafiri peke yake na kuunganishwa na wenzake mwisho wa safari. Pakiti ikichelewa hutupwa, kwa sababu silabi iliyochelewa haina kazi. Sauti ikichelewa zaidi ya sehemu 150 za elfu za sekunde, watu huanza kukatizana bila kukusudia. Mazungumzo mamoja hula kama kilobiti 80 hadi 90 kwa sekunde kila upande, ukitumia mfumo usiobana sauti. Si nyingi, ila kijana wa stoo akianza kupakua filamu kwenye njia hiyohiyo, mkulima atasikika kama anayezama majini. Ndiyo maana ruta hupangwa ili pakiti za sauti zitangulie.

Yapo na ya kawaida zaidi. Simu ya posta ilikuwa ikipata umeme wake kupitia waya wake. Hii inategemea stima ya dukani. Stima ikipotea, na huku hupotea, simu zote sita zinakufa pamoja, isipokuwa kama kuna betri ya akiba ya ruta na swichi. Kila simu ina paswadi yake, ile ambayo vitabuni tunaiita nywila, na ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani, walaghai huingia usiku na kupiga nambari ghali za ng'ambo kwa gharama ya mwenye duka. Mambo haya fundi aliyafanya bila msaada wangu.

Alipokwama ni kwenye maneno. Siku mbili baada ya kifo cha yule ng'ombe nilikwenda Merigi. Nilikuwa na daftari la istilahi zangu, nikaliacha ndani ya gari. Nikaketi nyuma ya kaunta nikasikiliza. Dada wa kaunta alimwambia mwenzake: "Nipitishie huyu kwa stoo." Hakusema kuhamisha wala kuelekeza. Alisema kupitisha, kama unavyompitisha mgeni sebuleni. Mhasibu akasema: "Mwambie ashikilie." Mwenye stoo akauliza: "Simu ya ndani ya Longisa ni ngapi?" Ile nambari fupi niliyoitafutia jina kwa wiki mbili walikwisha kuiita simu ya ndani. Wakulima wanaongoja kuzungumza wako foleni. Sauti zilizoachwa usiku ni ujumbe. Kwa saa tatu niliandika maneno kumi na mbili, na hakuna hata moja ambalo lingemshangaza opareta wa posta wa utoto wangu. Yale yale, shikilia, ngojea, nikuunganishe, yalikuwa yamerithiwa kutoka benchi lile hadi kaunta hii bila kupitia darasa langu.

Tukayaandika kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya kila simu. Fundi akaingiza mengine kwenye vioo vya simu, pale palipokuwa na Kiingereza. Kisha tukafika kwenye sauti ya kupokea watu, na hapo tulibishana.

Mpwa wangu alitaka orodha: bonyeza moja kwa mbolea, mbili kwa dawa, tatu kwa hesabu, nne kwa Longisa, tano kwa Bomet. Nilimwuliza ni nani anayeweza kukumbuka tano wakati ng'ombe wake amelala chini. Tukaafikiana sauti iwe fupi. Sasa huanza kwa Kikipsigis, kwa sauti ya mwenye stoo ambaye nusu ya wakulima wanamjua: "Chamgei." Inarudi kwa Kiswahili: umefika dukani; kama ni mnyama mgonjwa, bonyeza moja; kwa jambo lingine lolote ngojea hapo hapo, utazungumza na mtu. Ndiyo yote. Asiyebonyeza chochote haachwi hewani. Simu ya kaunta inamlilia mtu halisi. Moja inalia katika simu tatu kwa pamoja, pamoja na ya mkononi ya daktari wa mifugo.

Kulikuwa na suala la mwisho, ambalo fundi alilitaja kama jambo dogo. Mtambo ulikuwa umewekwa urekodi mazungumzo, na onyo lake lilikuwa kwa Kiingereza. Hilo si dogo. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayotaka mtu aelezwe habari zake zinapochukuliwa na kwa sababu gani. Tuna Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Na katika kifungu cha 46 inampa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike na huduma. Onyo lililotolewa kwa lugha asiyoielewa msikilizaji halijatolewa. Mpwa wangu aliamua kuzima kurekodi. Nilifurahi, ingawa ningeridhika pia kama angeliacha na kulitangaza kwa lugha inayosikika.

Sidai kwamba istilahi hazina kazi. Mafundi wanahitaji majina sahihi ya vifaa, na wanafunzi wangu wataendelea kuyatafuta nami nitaendelea kuwasahihisha. Lakini kuna utaratibu, na historia ya simu inatuonyesha. Kwanza lugha husikilizwa, kisha hurekodiwa, na panapokosekana neno kabisa ndipo hutungwa. Mimi nilianza mwishoni. Nilidhani kwa kuwa chombo ni kipya, maneno nayo lazima yawe mapya. Wale watu wa pwani wa 1879 walijua zaidi yangu: walikiona kitu kigeni kikitoka baharini, wakakipa jina walilokuwa nalo mdomoni.

Msomaji mwenye ofisi, shule, zahanati au chama cha ushirika, nakuomba jambo moja. Leo jioni piga nambari ya ofisi yako mwenyewe kutoka nje, kama mgeni, usikilize mpaka mwisho. Jiulize kama mama yako angevuka hapo.

Yule bibi nilikwenda kumpa pole pamoja na mpwa wangu, ambaye alimpunguzia bei ya vitu kadhaa, ingawa hiyo si fidia ya ng'ombe wa maziwa. Nilimweleza kwamba simu sasa inasema Kikipsigis na Kiswahili. Alinisikiliza kwa adabu. Hata leo hapigi. Akiwa na haja humtuma mjukuu, au huja mwenyewe na fimbo yake, akaegemea kaunta mpaka mtu amwangalie usoni.